Sauti Iliyobaki Juu ya Duka

Masika mwanangu,

Umeenda kanisani kuaga wenzako wa kwaya, na ninavyowajua mtaimba mpaka jua lizame. Basi nimeketi mezani pako, na kalamu ni yako pia. Usiniulize kwa nini naandika wakati tunalala vyumba vinavyopakana. Nikisema kwa mdomo utanikatiza, utacheka, utanikumbatia, nami nitanyamaza kama ninavyonyamaza kila mara tunapolikaribia jambo hili.

Mambo ya sabuni na chakula siandiki. Nguo za baridi pia waachie wa hapa Bulengera, Kasindi unakohamia kesho ni joto. Ninaandika kwa sababu ya kitu nilichokisikia leo mchana.

Nilikuwa uani napepeta maharage, nikasikia mimi mwenyewe ninaongea chumbani mwako. Sisemi nilisikia sauti inayofanana na yangu. Nilijisikia mimi, Kahindo, kama nilivyokuwa kabla meno ya pembeni hayajaniacha, nikisalimu watu kwa Kinande, nikiwaita majina, nikitoa kile kicheko cha puani ninachokitanguliza kabla ya kutaja bidhaa. Ungo ulinianguka. Niliweka mkono mdomoni kuhakikisha kwamba midomo yangu imefungwa. Ilikuwa imefungwa, na mimi bado ninaongea.

“Wabukire, wabukire! Weye Masika, weye Kambale, Paluku, Katungu, Mumbere, minabaita! Munaogopa nini? Barabara ya Beni mpaka Kasindi iko salama. Gari yetu inatoka kila asubuhi. Kuyeni tuende. Na weye kule nyuma, usijifiche, minakuona!”

Ndipo nikaelewa kwamba ni wewe, unaijaribu odio ya mteja wako wa kwanza kwenye ile megafoni ndogo. Yule mwenye magari wa Kasindi. Uliniambia utamtengenezea tangazo, na kwamba kesho ukifika utalituma katika magrupe yote ya WhatsApp ya Beni na Butembo. Hukuniambia lina maneno gani. Ni kazi nzuri, Masika. Sikusifu kwa kuwa wewe ni wangu: ni nzuri kuliko zangu zote, na hapo ndipo hofu yangu ilipo.

Wewe unajua nusu ya hadithi yangu, ile nusu ya kuchekesha. Unajua nilianza sokoni, nikiwapigia kelele akina mama wa maharage waliokuwa wanaona haya kuita wateja. Walinilipa kwa bakuli la maharage na ndiyo maana ulikua ukiyachukia. Hakuna aliyenifundisha. Niligundua tu kwamba nikipiga kelele ya bei, watu wanasikia bei na kupita. Nikiita jina, mtu anasimama.

Na majina yetu sisi Wanande unayajua. Tunapewa kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku au Mumbere, anayemfuata ni Kambale, kisha Kasereka, na kila nyumba inafuata mstari huo huo. Mfanyabiashara wa mji mwingine angesema ni tabu, watu wote wanafanana majina. Mimi niliona mali. Ukisimama kwenye soko la Butembo ukaita “Kambale!”, kichwa kinageuka kwenye viazi, kingine kwenye samaki, kingine juu ya pikipiki, na kila mmoja anadhani umemwona yeye. Akishageuka, ni wako.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu, na nilijivuna nayo mno. Simu zilipokuja na magrupe, niliingiza sauti yangu humo. Makosa ya mwanzo nilifanya yote. Niliwaweka watu katika grupe bila kuwauliza, wakatoka mmoja mmoja kama watu wanaotoka kwenye nyumba yenye moshi. Nilituma odio asubuhi, mchana na jioni, mpaka mke wa mchungaji akaniuliza mbele ya kwaya nzima kama napata hata nafasi ya kumeza mate. Nilihesabu walioitazama status yangu, nikadhani ni wateja. Wewe pia unalo gonjwa hilo, usikatae. Una wafuasi wengi kwenye Facebook kuliko waumini wa kanisa letu, na sijaona hata mmoja aliyekuja kukununulia andazi. Lakini hayo ni makosa yanayopona. Unaona haya, unacheka, unajifunza.

Papa Siriwayo alinitafuta wakati jina langu lilipokuwa juu. Alikuwa na duka kubwa katika senta moja, kijiji cha maduka kwenye barabara ya Beni kwenda Kasindi, katikati ya mashamba ya kakao. Aliuza chumvi, vitenge, redio, viatu vya mpira, na alinunua kakao ya watu. Alitaka tangazo la kuwekwa juu ya paa, liite siku nzima. Nilikwenda nikashinda pale barazani kwake, nikiwatazama wateja na kuuliza majina, kwa sababu sikupenda kuita watu nisiowaona.

Jioni akaja kijana mmoja anasukuma baiskeli yenye gunia la kakao. Mtu mzima, mwenye ndevu, lakini uso wa utani. Akasikia ninachokifanya akasimama.

“Mama, unitie na miye.”

“Jina?”

“Mumbere.”

“Ba-Mumbere beko wengi.”

“Lakini miye ni ule wa kujificha. Papa Siriwayo ananidai, nikimuona ninapitaka nyuma ya nyumba!”

Tukacheka sote, hata Papa Siriwayo. Basi nikamweka mwisho kabisa, baada ya majina mengine yote: “Na weye Mumbere, usijifiche, minakuona!” Hilo neno unalolitumia leo kama mapambo ya familia lilizaliwa pale, kwa ajili ya mtu mmoja na baiskeli yake. Lilipendwa sana. Watoto wa senta walilifanya mchezo.

Megafoni ilifungwa juu ya paa na sola yake. Papa Siriwayo hakutaka mtu wa kuiwasha na kuizima. Jua likitoka, inaanza yenyewe. Jua likizama, inanyamaza. Niliona ni ufundi mkubwa: sauti yangu inafanya kazi mahali ambapo mimi sipo. Ndicho kitu ambacho sisi wa kazi hii tunakiota, si ndiyo? Kulala huku tangazo lako linazunguka.

Halafu wale wenye silaha wa porini wakaingia katika senta ile. Wewe umekulia katika miaka hii, sina haja ya kukueleza ni akina nani na wanafanya nini. Waliosalia walikimbia, wengine hadi Beni, wengine ndani ya kakao kwa sababu walikuwa na wazee au wagonjwa wasioweza kutembea mbali. Papa Siriwayo alifika Beni na ndala mguu mmoja. Hakuna aliyeikumbuka megafoni. Ni nani angeikumbuka?

Mimi nilikuwa Beni siku hizo, narekodi matangazo ya wasafirishaji. Nilipokuwa nagawa uji kwa waliokimbia, pale kanisani, nikasikia wanawake wananong’ona.

“Kule kwetu kuko mwanamuke anaita batu.”

“Anaita namna gani?”

“Kwa majina. Kila asubuhi. Anakuitaka jina yako, anakuambia usijifiche.”

Mmoja alisema ni muzimu wa mwanamke aliyeuawa pale. Mwingine akasema hapana, ni mateka, wale watu wamemkamata na wanamlazimisha aite ndugu zake watoke porini. Kisha mmoja wao akamwiga. Akatoa kile kicheko kidogo cha puani.

Kikombe cha uji kilinitoka mkononi. Papa Ramazani alikuwa karibu, yeye na Waislamu wenzake wa Beni walikuwa wameleta maji kwa gari lake. Ndiye huyu huyu atakayekupitia kesho.

“Mama Masika,” akasema polepole, “ile sauti ni yako. Miye naijua. Ulinifanyiaka publicité, tangazo ya gari.”

Nilichokuwa nakiona kichwani ni watu waliolala chini ya majani ya kakao, hawawashi moto, hawakohoi, na kila jua linapotoka mimi nawaita. Nawaambia ninawaona.

Nilimwomba anipeleke. Alikataa. Nikamwomba tena mpaka nikamchosha. Wafanyabiashara kadhaa walikuwa wamepata wanajeshi wa kuwasindikiza wakachukue bidhaa zao zilizobaki, naye akakubali tuwafuate na gari lake, kwa sharti kwamba nikae ndani, nisishuke. Sharti hilo sikulishika.

Niliisikia kabla sijaiona senta. Kwenye kona, huku injini inanguruma, iliingia dirishani kama mtu aliyesimama kando ya barabara. Jua lilikuwa limeshavuka utosi, nayo inasema “Wabukire, wabukire”, inatusalimu salamu za asubuhi. Betri ilikuwa imechoka. Sauti ilikuwa imeshuka, nzito, inavuta maneno, na ilipofika kwenye kicheko ilikwama ikarudia, ikakwama ikarudia. Ilikuwa mimi na haikuwa mimi. Utaniona mpumbavu, lakini nilipoisikia inamwita Kahindo, nilitaka kuitika.

Senta ilikuwa wazi yote. Namaanisha milango. Nguo zilikuwa bado kwenye kamba, zimekauka mpaka zimekuwa ngumu. Sufuria ya maharage ilikuwa juu ya mafiga, maharage yamevimba yakapasuka na kuota ukungu. Mbuzi mmoja alisimama juu ya meza ya duka la dawa akatutazama kana kwamba tumechelewa. Hakuna mtu. Na juu ya hayo yote mimi, naita: Kambale, Paluku, Katungu, kuyeni, leo kuko vitu vipya.

“Niko hapa,” mtu akaitika.

Wanajeshi waliinua bunduki. Kwenye baraza la Papa Siriwayo alikuwa ameketi mwanamke mzee, mikono mapajani, kitenge kimejaa matope hadi magotini. Anaangalia mbele. Kila tangazo lilipozunguka na kufika kwenye jina la Katungu, yeye anaitika, kwa heshima, kama anavyoitika mtu kanisani: “Niko hapa.”

Papa Ramazani alipanda juu ya gari akang’oa waya. Kimya kilichokuja kilikuwa kibaya kuliko ile sauti. Mzee yule aligeuza kichwa huku na huku, akitafuta mtu aliyekuwa anaongea naye.

Nilishuka. Nikapiga magoti mbele yake nikamsalimu, na hilo ndilo nililokosea tena, maana nilimsalimu kwa mdomo huu huu.

Alinishika mkono. Kwa nguvu, Masika.

“Ni weye.”

Nikajaribu kuutoa mkono, akazidi kuubana.

“Ni weye uliyekuwa unaita. Tulikuwa tunajificha na batoto mu kakao. Tulikuwa tunakusikia. Mumbere wangu alisema, Mama, wanaita jina yangu, Papa Siriwayo amerudia, vita imeisha. Nilimukataza. Akasema, sikia, anasema ananiona. Akaenda. Hakurudia.” Akanivuta karibu, nikanusa matope na njaa. “Basi umuite tena. Ulimuita, akakuya. Sasa umuite arudie.”

Ningemwambia nini? Kwamba haikuwa mimi, ilikuwa sola? Papa Ramazani alikuwa ananiambia tuondoke, tuondoke. Wafanyabiashara walikuwa wanapakia haraka haraka. Mimi nikasimama mbele ya ile kakao, ambayo inaanzia nyuma tu ya nyumba, nikavuta pumzi ya tumbo, ile niliyokufundisha ukiwa mdogo, na nikaita kama ambavyo sijawahi kuita katika soko lolote.

“Mumbere!”

Na kutoka ndani ya kakao, si mbali, sauti ya mwanamume ikaitika.

“Niko!”

Ilikuwa sauti ya kawaida. Haikuwa ya mtu mwenye maumivu wala hofu. Ni hivyo tu, kama mtu aliyeitwa chakulani. Majani hayakutikisika. Sisi sote tuliisikia, Papa Ramazani aliisikia, muulize kesho kama atakubali kukujibu. Mwanajeshi aliyekuwa karibu yangu aliniwekea kiganja mdomoni, akaniambia kwa Kilingala nifunge mdomo, twende.

“Mama, kanga monoko. Tokende.”

Mzee alikuwa ameshasimama anatembea kuelekea kule, na uso wake, mwanangu, uso wake ulikuwa umefunguka. Nikamkamata kitenge. Alinipiga makofi, akaniuma mkono, nikamvuta hadi kwenye gari nikamkalia kama gunia, na tukaondoka. Alilia njia nzima kwamba mtoto wake ameitika na sisi tunamwacha.

Huenda alikuwa yeye. Nimelirudia jambo hili mara nyingi kuliko sala. Huenda alikuwa mmoja wao, aliyejifunza kwamba jina likiitwa, ukiitika, mtu anakuja. Na huenda ilikuwa ni Mumbere mwingine kabisa, wa mama mwingine, aliyekuwa amejificha peke yake na kusikia jina lake, maana kila nyumba ina wake, na huo ndio ulikuwa utajiri wangu. Sijui niliokoa mtu au niliacha mtu. Waliniambia wote kwamba sina kosa, mchungaji aliniambia, Papa Siriwayo mwenyewe aliniambia, na nadhani wanasema kweli. Bado silali vizuri mahali penye miti.

Sasa umemjua Koko ni nani: ni mzee yule. Ulikuwa Vuhovi unasoma kwa mjomba wako nilipomleta, na nilikuambia tu kwamba nimemkuta Beni hana mtu, ukamzoea ukamfanya bibi yako. Mara ngapi umeniuliza kwa nini katika nyumba hii haturuhusiwi kuitana kwa sauti, kwa nini lazima nikufuate mpaka jikoni ndipo nikutume? Hii ndiyo sababu. Katika miaka yote hii hajanilaumu tena hata mara moja. Anasuka mikeka yake, anatupikia, na akisikia jina Mumbere barabarani anaacha mkeka na kusubiri kidogo.

Na ile sauti haikufa. Papa Siriwayo alikuwa ameirusha katika magrupe kabla ya vita kuingia pale. Mpaka leo inanirudia, kutoka namba nisizozijua, na ule mshale unaoonyesha kwamba imetumwa na wengi. Mwingine ameandika chini yake kwamba ni muzimu wa barabara ya Kasindi. Siku moja nilipanda pikipiki kutoka sokoni, dereva akanisikilizisha kwenye simu yake ili anitishe. “Mama, sikia hii, utakimbia.” Nikaisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia ninashuka hapa, na hapakuwa hata nusu ya njia.

Ndiyo maana unaniona nafanya kazi kama mtu aliyekatwa ulimi. Wenzangu wananicheka kwamba Kahindo wa sauti amekuwa Kahindo wa picha. Napiga picha mboga za liki na viazi vya wakulima wa Vuhovi, naandika siku vilipovunwa, mahali vilipo, na nani anaviuza. Kama mvua imevigusa naandika mvua imevigusa. Nilipoanza nilidhani nitakufa njaa. Wateja ni wachache, kweli, lakini wanarudi, na wakinipigia simu wanaanza kwa kuuliza habari zangu. Ninamjibu hata asiyenunua. Likishauzwa gunia, nafuta tangazo lake, ili lisimwite mtu kwenye kitu ambacho hakipo tena. Hayo tu ndiyo niliyonayo ya kukupa, na ningependa yangekuwa mengi zaidi kwa bei niliyoyalipia.

Sikukatazi kutangaza magari. Watu wanasafiri, wanahitaji kujua. Taja saa ya kuondoka, taja dereva, sema gari linasubiri msafara wa wanajeshi na kwamba siku nyingine halitoki. Lakini umesema “salama”, na juzi tu magari yalirudi Beni na vioo vimevunjika, wewe mwenyewe ulinisomea habari hiyo kwenye simu ukisonya. Najua mteja wako atakuambia wengine wote wanasema hivyo. Najua ni mteja wa kwanza, na unaogopa kwamba ukimpoteza huyo, Kasindi itakutema urudi kwa mama yako kupepeta maharage. Hofu hiyo niliijua hata kabla hujazaliwa. Naiheshimu. Mimi pia nina yangu, na ni hii: kwamba utakuwa umelala, umechoka na kazi, na sauti yako iko mahali fulani inamwambia mtu atoke.

Ningeweza kuishia hapa na kukuombea. Lakini liko jambo la leo, ambalo hukuliona kwa sababu ulikuwa umefunga mlango.

Ulipokuwa unaijaribu ile megafoni, Koko alitoka jikoni. Alisikiliza hadi mwisho. Ulirudia, akasikiliza tena. Kisha akanijia pale penye ungo, akainama akanisaidia kuokota maharage, na akaniuliza bila kunitazama.

“Njia iko muzuri sasa?”

Nikamuuliza nani amesema.

“Mutoto. Anasema iko salama. Anaita na Mumbere.” Akaendelea kuokota, moja moja. “Weye hukunidanganyaka hata siku moja juu ya ile njia. Kila nikiuliza unasema bado. Na mutoto ni wa nyumba hii.”

Ningesema Masika ameongopa? Ningesema ni biashara tu, Koko, ni maneno ya magari? Aliingia chumbani kwake. Alipotoka alikuwa amefunga kifurushi: blanketi, sufuria yake ndogo, na shati la mwanamume ambalo sijui amelificha wapi miaka hii yote. Anataka kupanda gari la Papa Ramazani pamoja nawe na kushuka kwenye senta. Anasema atakaa barazani pale pale, ili Mumbere akitoka asikose mtu.

Nimejaribu kumzuia. Ananisikiliza kwa adabu, halafu anarudia maneno yako, neno kwa neno, na hata kicheko ameshakishika. Mimi sauti yangu kwake imekwisha kazi tangu siku ile ya kakao. Aliyemwita leo ni wewe.

Kwa hiyo ukirudi usipite moja kwa moja kwenda kufunga mizigo. Yuko kwenye benchi karibu na mlango. Kaa naye, mtazame machoni, umwambie tangazo lako lote kwa mdomo, polepole, bila simu. Ukiweza kulimaliza, kesho litume, na mimi sitasema neno, nitakuamini. Ukishindwa, basi mwambie hivyo, ukiwa umemshika mikono, na ukae naye mpaka afungue kifurushi mwenyewe, hata kama itakuchukua usiku wote.

Nakupenda, Masika, na naogopa, na vyote viwili nitakuwa navyo kesho ukiondoka. Lakini usikawie huko kwa nyimbo. Nimempelekea chakula akakikataa, anasema atakula njiani. Ameshavaa viatu.

Mama yako,
Kahindo